Mdudu Aliyeanguka Birikani

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kiumbe kisha akakijulisha njia ya maisha yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyeishika njia yao kwa elimu, si kwa kufuata mkumbo.

Ama baad. Ndugu zetu katika imani, katika darsa letu hapa Kapkatet yameletwa maswali matatu, na yote matatu yametokana na mdudu mmoja. Inapokuwa masika, na taa ya umeme iliyo juu ya birika la kutawadhia ikaachwa kuwaka baada ya sala ya Isha, huja mdudu mkubwa akirukaruka penye mwanga, kisha huanguka majini. Ni mdudu mpana, bapa, wa rangi ya majani makavu, na miguu yake miwili ya mbele imekunjwa mfano wa koleo. Asubuhi watu wajapo kwa sala ya Alfajiri humkuta ama yu hai anaogelea, ama amekufa anaelea. Hapo ndipo watu walipofarikiana rai.

Wako waliosema: maji yamenajisika, yamwagwe yote. Wako waliotayamamu kwa vumbi la ukuta na birika limejaa mbele yao. Wako waliosema kwamba huyo si mdudu bali ni jini wa mtoni, na kuwa aitwe mtu wa kuzingua. Na wako waliosema, nao ndio waliotutia wasiwasi zaidi, kwamba asili ya mdudu huyu ni kile kinamasi kilicho chini ya kiwanja cha wakfu, basi chemchemi itiwe dawa ya kupe wa ng'ombe ili wadudu wafe, kisha kinamasi kichimbiwe mifereji kikauke, kipandwe mikaratusi, na kuni zake ziuzwe kwa viwanda vya chai, msikiti upate mapato.

Tumeona si vyema kuyanyamazia mambo haya. La kwanza linagusa sala, la pili linagusa tauhidi, na la tatu linagusa haki za viumbe, na haki za majirani walio chini ya mteremko wanaokunywa maji yale yale. Basi tutayajibu moja baada ya moja, inshaallah.

JE, MAJI YAMENAJISIKA?

Jawabu ni kwamba hayakunajisika. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu twajinasibisha nayo, wamewatenga viumbe ambao hawana damu ya kutiririka, kama nzi, nyuki, siafu na mende. Kiumbe wa namna hii akianguka mwenyewe katika maji akafa humo, maji hayanajisiki, ijapokuwa ni machache, madamu hayakubadilika rangi, ladha wala harufu. Dalili yao kubwa ni ile hadithi ya nzi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Abu Huraira, ambamo Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba nzi akianguka katika kinywaji azamishwe kisha atolewe. Wakasema wanavyuoni: lau kifo chake kingelinajisi kinywaji, asingeliamrisha azamishwe, kwani kuzamishwa katika kinywaji cha moto ni kuuawa.

Na mdudu huyu wa majini ni katika jinsi hiyo hiyo. Hana damu ya kutiririka kama ya kuku au ya panya, kwa hivyo hukumu yake ni ya nzi na mende, ajapokuwa mkubwa. Ukubwa haubadili hukumu.

Juu ya hayo, birika la msikiti kwa kawaida huwa na maji yaliyopita kula mbili, ambazo kwa hesabu ya wengi wa wanavyuoni wa sasa ni kiasi cha lita 200 au zaidi kidogo. Na maji yaliyofika kadiri hiyo hayanajisiki hata kwa najisi ya kweli, illa yakibadilika. Basi ikiwa mzoga wa panya haukuyaharibu maji mengi yasiyobadilika, seuze mdudu asiye na damu!

Kwa hivyo yule aliyetayamamu hali maji yako na anaweza kuyatumia, sala yake haikusihi, na yampasa airudie. Hatusemi haya kwa kumfedhehi mtu, bali kwa sababu sala ni deni. Na yule aliyemwaga birika zima amepoteza neema. Maji yale yalitekwa mtoni yakapandishwa mlima kwa migongo ya wake zetu na binti zetu, na mitungi ya plastiki ya lita 20 si mizigo miepesi. Kumwaga maji tohara kwa dhana tu si uchamungu. Ni wasiwasi, na wasiwasi hutoka kwa shetani.

Lililo wajibu ni jepesi: mchote mdudu kwa kata au kwa ndoo, mtupe mbali, kisha tawadha. Usimshike kwa mkono, kwa sababu tutakayoitaja.

JE, NI JINI?

Majini wako, kwani Qurani imewathibitisha. Lakini kuwako kwao hakutupi ruhusa ya kuvika vazi la jini kila kiumbe tusichokijua jina lake. Maradhi haya yametukumba Waislamu wengi: tukikosa elimu ya jambo, hukimbilia ghaibu. Kisha hutokea mtu mwenye kilemba kikubwa na elimu ndogo, akaandika makombe, akafunga hirizi katika kizibo cha chupa, akaitupa birikani, akatoa mkono kupokea shilingi. Mdudu hakuondoka, wala imani haikuzidi. Kilichozidi ni mfuko wa yule bwana.

Na kuna ubaya ulio mkubwa kuliko huo, nao ni wale wanaochinja mbuzi au kondoo penye chemchemi ili kumridhisha huyo wanayemdai kuwa mwenye maji. Hiyo si mila ya kuvumiliwa. Kuchinja kwa ajili ya asiyekuwa Mwenyezi Mungu ni shirki, na Mwislamu haichezei shirki.

Basi na tumjue mdudu huyu kama alivyo, kwani kumjua kiumbe ni kumjua aliyemwumba. Wataalamu humweka katika kundi la kunguni, yaani wadudu wasiotafuna bali wenye mdomo mfano wa sindano, na ukoo wake huitwa Belostomatide. Barani mwetu wako wadogo wa sentimita 2, na wako wakubwa wanaofika sentimita 7 au 8. Huko Amerika ya Kusini wako wanaopita sentimita 10. Makazi yake ni maji baridi yasiyo na mkondo mkali: vinamasi, madimbwi, kingo za mito zilizoota majani, na mabwawa ya kunyweshea ng'ombe. Nchi yetu hii, yenye mito ya Kipsonoi na Itare na vijito visivyo na hesabu vinavyoshuka kutoka msitu wa Mau hadi mto Sondu na Ziwa Viktoria, ni nchi ya makazi yake tangu kabla ya mche wa kwanza wa chai kupandwa.

Hukaa ametulia miongoni mwa majani, kichwa chini, ncha ya mkia imegusa uso wa maji. Penye ncha hiyo pana kijineli cha kuvutia hewa, na hewa hiyo huihifadhi chini ya mbawa zake azamapo, mfano wa mpiga mbizi mwenye chupa yake. Apitapo kiluwiluwi, samaki mdogo, konokono au mdudu mwingine, humkamata kwa miguu yake ya mbele, akamchoma kwa mdomo wake, akamtia mate yanayoyeyusha nyama, kisha akaifyonza. Usiku huruka kutoka dimbwi hadi dimbwi, hasa dimbwi lake likauka au likajaa kupita kiasi. Na kwa kuwa mwanga wa taa humpoteza, huanguka chini ya taa zetu. Hiyo ndiyo siri yote ya birika letu. Hakutumwa na mtu wala hakutoka kuzimuni. Ameghurika na taa tuliyosahau kuizima.

Hatusemi kwamba hana madhara. Akishikwa huchoma, na maumivu yake ni makali mno, ijapokuwa hayaui. Aliyechomwa aoshe mahali hapo kwa maji safi na sabuni, aweke kitambaa cha baridi, na akiona uvimbe wazidi aende hospitali. Wala asipelekewe mganga wa kunyonya sumu. Tena akikutwa ametulia kama mfu, asiaminiwe upesi, kwani ana tabia ya kujifanya amekufa.

Na kwa ajili ya insafu tutaje jingine. Uko ugonjwa wa vidonda uliopewa jina la Buruli, wilaya ya Uganda iliyo karibu na mto Nili, na vidonda vya namna hiyo vilielezwa na daktari Albert Cook katika hospitali ya Mengo mwaka 1897. Katika mwaka 1999 wataalamu walitangaza kwamba wamekuta alama za vijidudu vya ugonjwa huo ndani ya baadhi ya wadudu wa majini wa Afrika Magharibi. Lakini kukuta alama si kuthibitisha kwamba mdudu ndiye anayeambukiza, na njia ya maambukizo hayo haijakatwa shauri mpaka leo. Tumeyataja ili asije mtu akatutuhumu kwamba twaficha upande mmoja. Mwenye elimu husema lililo lake na lililo juu yake.

AYA KATIKA MGONGO WA MDUDU

Kabla hatujafika kwenye swali la tatu, na tusimame kidogo penye jambo moja la mdudu huyu, kwani lina mazingatio kwa wenye akili.

Katika aina nyingi za ukoo huu, jike hatagi mayai yake majanini wala matopeni. Huyagandisha juu ya mgongo wa dume, makumi, na pengine mia na zaidi, yakapangana kama punje za hindi katika gunzi. Tangu hapo dume haruki tena, kwani mbawa zake zimefunikwa. Huyabeba kwa muda wa wiki moja hata tatu, kwa kadiri ya joto la maji. Huyapandisha juu yapate hewa, huyashusha yasikauke, huyatikisa yasiote ukungu, mpaka vitoto vitoke kimoja kimoja. Katika aina zile kubwa zaidi, jike hutaga juu ya bua lililochomoza majini, na dume hukaa akilinda, akipanda usiku na maji mwilini mwake kuyalowesha mayai yasikauke.

Zamani wataalamu walipoona mdudu mwenye mayai mgongoni walisema bila shaka huyo ni mama. Hawakuchunguza. Walihukumu kwa mazoea. Mpaka mwaka 1899, bibi mmoja wa Marekani aitwaye Florence Slater alipowapasua wadudu hao, akaonyesha kwamba wenye kubeba mayai wote ni madume. Tazama, ewe ndugu msomaji! Watu wenye vioo vya kukuzia na vitabu walikaa miaka wakifuatana katika kosa moja, kwa sababu kila mmoja alimwamini aliyemtangulia bila ya kutaka dalili. Ikiwa kufuata bila dalili kumewapoteza watu katika mdudu, je, hakutawapoteza katika dini?

Hatusemi kwamba wadudu ndio sharia yetu. Sharia yetu ni Kitabu na Sunna. Lakini Qurani yenyewe imezipa baadhi ya sura zake majina ya nyuki, ya sisimizi na ya buibui, na katika Sura ya Al-Baqara imetufahamisha kwamba Mwenyezi Mungu haoni haya kupiga mfano hata kwa mbu. Basi si vibaya baba aliye miongoni mwetu ajitazame katika kioo cha kiumbe huyu. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba kila mtu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na Bibi Aisha ameeleza kwamba alikuwa nyumbani akiwatumikia ahali zake mpaka wakati wa sala. Nasi tuna akina baba ambao mke huchuma chai tangu alfajiri, mtoto yuko mgongoni na kikapu kiko mgongoni, kisha ijapo bonasi ya mwisho wa mwaka ndipo baba huonekana. Huipokea, akapotea mjini siku tatu, akarudi mikono mitupu na ada ya shule haijalipwa. Mdudu asiye na akili amebeba mzigo wa watoto wake hata akaacha kuruka. Mwenye akili ana udhuru gani?

JE, YAFAA KUTIA SUMU NA KUKAUSHA KINAMASI?

Hili ndilo swali zito, na waliolileta wana nia njema. Msikiti una mahitaji: paa lavuja, mwalimu wa madrasa hana mshahara wa kutosha, na sisi tulio wachache katika nchi hii ya chai hatuna tajiri wa kumtegemea. Twaikiri haja hiyo. Lakini nia njema haihalalishi njia mbaya.

Kwanza, kuhusu sumu. Dawa nyingi za kupe zinazouzwa madukani ni za jamii ya pairethroidi, na dawa hizo ni kali mno kwa samaki na kwa wadudu wote wa majini, hata kwa kiasi kidogo. Anayezitia chemchemini hawaui wale anaowachukia tu. Anaua na viluwiluwi, na vyura, na kaa wa mtoni, na samaki walio chini. Na chemchemi ile haiishi penye mpaka wa wakfu. Inashuka kwa jirani, kisha kwa jirani wa jirani, wengi wao si Waislamu, nao hawana habari. Watoto wao huinama wakayanywa yale yale. Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, na amewaonya watu na mambo yenye kuleta laana, miongoni mwayo kujisaidia penye manyweo ya watu. Ikiwa mkojo umekatazwa, je, sumu? Na kanuni ambayo fikihi yote imeegemea ni kwamba hapana kudhuru wala kulipizana madhara. Tutawalingania vipi majirani zetu katika dini ya rehema, na maji yanayotoka katika wakfu wetu yanawaumiza matumbo?

Tena zingatieni hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim ya Nabii mmoja aliyeumwa na sisimizi mmoja akaamuru kichuguu kizima kichomwe, akalaumiwa na Mola wake kwa kuuangamiza umma mzima unaomsabihi kwa sababu ya mmoja aliyemuuma. Na katika Sura ya Al-An'am tumefundishwa kwamba wanyama watambaao na ndege warukao ni umma mfano wetu. Aliyechomwa na mdudu ana haki ya kumwondoa mdudu aliyemchoma. Hana haki ya kulaani mto.

Pili, kuhusu manufaa. Watu wamesema: kinamasi ni nyumba ya mbu, kikikauka tutapona malaria. Twaijua malaria. Milima hii ya Kericho ilipigwa na milipuko yake katika miaka ya 1990, na mashamba makubwa ya chai yalijaza wagonjwa hospitalini. Lakini hoja hii si kamili. Wadudu wa ukoo huu, pamoja na kereng'ende wachanga na wengineo, hula viluwiluwi wa mbu. Na katika Afrika yetu iko aina yake iitwayo Limnogetoni ambayo chakula chake ni konokono, na konokono wa majini ndio wabebaji wa kichocho. Anayewaua walinzi amemfungulia mwizi mlango, kwani mbu huzaliana upesi kuliko wale wanaomla, na baada ya sumu kwisha nguvu hurudi yeye kwanza.

Na huko Kabale, kusini-magharibi ya Uganda, nchi ya milima kama yetu, walifanya uchunguzi uliotolewa mwaka 2000, wakalinganisha vijiji vilivyo karibu na vinamasi vya mafunjo vilivyoachwa vilivyo, na vijiji vilivyo karibu na vinamasi vilivyokaushwa vikalimwa. Wakakuta kwamba penye vinamasi vilivyolimwa joto lilikuwa kubwa zaidi, na dalili za malaria zilikuwa nyingi zaidi. Kwani mafunjo hufunika maji kwa kivuli, na mbu wa malaria apenda kidimbwi kidogo kilicho wazi juani, kama nyayo za ng'ombe na mifereji iliyochimbwa. Basi mifereji tunayotaka kuichimba kumfukuza mbu huenda ndiyo ikawa nyumba tuliyomjengea.

Tatu, kuhusu maji yenyewe. Sura ya Al-Muuminun yatukumbusha kwamba maji ya mvua huteremshwa kwa kipimo na kutuzwa ardhini, na kwamba aliyeyatuza aweza kuyaondoa. Kinamasi ni sehemu ya hazina hiyo. Mvua kubwa ya Aprili hunyonywa humo kama sifongo, kisha hutolewa kidogo kidogo, ndiyo maana chemchemi yetu haikauki Januari na Februari wakati jua la kiangazi lapasua ardhi. Na mkaratusi ni mti wenye kiu kubwa. Ukipandwa mlimani kwa kadiri una faida yake ya kuni na nguzo. Ukipandwa katika jicho la chemchemi, hunywa kabla ya wenye kisima. Kuni zitauzwa mara moja kila baada ya miaka kadhaa, na chemchemi hunywewa kila siku. Ni biashara gani hii ya kuuza kisima ili kununua ndoo?

Na tusidhani kwamba yaliyopotea hurejea kwa urahisi. Huko Ujapani mdudu huyu mkubwa alikuwa wa kawaida katika majaruba ya mpunga, watoto wakimjua kama watoto wetu wanavyomjua panzi. Leo amekuwa adimu, kwa sababu ya dawa za mashamba, kupotea kwa maji yake, na wingi wa taa za usiku. Nao ni watu wenye mali na wataalamu wengi kuliko sisi.

Nne, kuhusu sharia ya wakfu. Wanavyuoni wetu wameandika kwamba kisima, chemchemi na mto vina harimu yake, yaani eneo la pembeni lisiloruhusiwa kuhuishwa wala kumilikiwa kwa namna itakayoharibu manufaa ya maji. Mtume (s.a.w.) aliifanya Madina kuwa patakatifu, miti yake isikatwe wala wanyama wake wasiwindwe, na akaitenga ardhi ya Naqi'i kuwa hima. Haya yalikuwako zaidi ya miaka 1,300 kabla serikali ya Kenya haijatoa kanuni zake za mwaka 2009, zilizoweka ukingo wa hifadhi pembezoni mwa mito, usiopungua mita 6 wala kupita mita 30. Basi anayesema kwamba kuhifadhi ukingo wa maji ni mambo ya Wazungu, hajasoma fikihi yake. Na Sayyidna Uthmani alipokinunua kisima cha Ruma akakitoa wakfu, alikitoa watu wanywe. Kugeuza wakfu wa maji ukawa shamba la kuni ni kwenda kinyume cha makusudio ya aliyetoa, na sharti la mtoa wakfu halivunjwi kwa kura ya kamati.

LILILO WAJIBU WETU

Ndugu zetu, tusije tukawa watu wa kukataza tu. Twawaomba wazee wa jamaa na vijana wa darsa wayafanye haya:

Kwanza, birika lifunikwe kwa mfuniko au kwa wavu mwembamba wa waya, na taa iliyo juu yake izimwe baada ya Isha, au iwekwe taa ya manjano, ambayo wadudu hawaifuati sana. Gharama yake ni ndogo kuliko ada ya mwenye hirizi mmoja.

Pili, chemchemi izungushiwe ua, na ng'ombe watengenezewe hori lao chini ya mteremko, wasiingie majini kwa kwato. Mitungi ya dawa za kupe na za mashamba isioshwe mtoni kabisa.

Tatu, kinamasi kiachwe na mafunjo yake. Anayetaka kupanda miti kwa mapato ya msikiti apande juu, penye ardhi kavu, na mkaratusi usikaribie maji. Tena mizinga ya nyuki na kitalu cha miche vyaweza kuleta mapato bila kukausha tone moja.

Nne, majirani zetu, Waislamu na wasio Waislamu, waitwe katika shauri hili, kwani maji ni ya wote. Kukaa nao kwa haki ni mahubiri yaliyo bora kuliko kipaza sauti.

Tano, walimu wa madrasa wawatoe watoto siku moja, wawapeleke penye kinamasi, wawaonyeshe mdudu huyu na mayai yake mgongoni, kwa kata si kwa mkono. Mtoto aliyemwona kiumbe wa Mola wake kwa jicho la elimu hatauziwa hirizi ukubwani.

Sura ya Ar-Rum yatuonya kwamba ufisadi hudhihiri barani na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Mkono uliobeba chupa ya sumu hadi chemchemini ni mmoja wa mikono hiyo, japo mwenyewe ametoka msikitini. Basi aliye na chupa hiyo nyumbani kwake airudishe dukani. Na aliyetayamamu penye maji airudie sala yake leo, kabla hajaulizwa.

Ee Mola wetu, tufundishe yenye kutunufaisha, na utunufaishe kwa uliyotufundisha. Tuoneshe haki kuwa ni haki utujaalie kuifuata, na batili kuwa ni batili utujaalie kuiepuka. Utunyeshee mvua ya rehema isiyo ya maangamizo, na usiyaondoe maji yetu kwa sababu ya madhambi yetu. Amin.